Kamera ya Kampeni na Kamera ya Serikali

Kazi ya filamu katika siasa ina nusu mbili, na vijana wengi wanaojitosa humo huwa wamejiandaa kwa nusu moja. Nusu ya kwanza ni kampeni: miezi miwili ya kukimbizana na msafara, vumbi, betri zisizotosha, na video inayodaiwa na meneja kabla mgombea hajashuka jukwaani. Nusu ya pili huanza mgombea akishaapishwa. Anataka uende naye ofisini kwa sababu amekuzoea, nawe unakwenda na kamera ileile, mwendo uleule na jicho lilelile la kampeni. Hapo ndipo wengi hukwama. Wapiga picha hodari, walioweza kuhariri video ya dakika moja ndani ya Land Cruiser inayoruka mashimo, huondoka wizarani au kwenye kaunti kabla mwaka haujaisha, wakilalamika kwamba serikali haielewi filamu. Mara nyingi wao ndio hawakuambiwa kwamba wamebadilisha kazi.

Kwenye kampeni umeajiriwa na mtu mmoja anayetafuta kura. Serikalini unalipwa kwa kodi, na picha unayopiga ni mali ya wananchi wote, wakiwemo waliompigia kura mpinzani wake. Jambo hilo hubadilisha kila kitu, kuanzia nani aonekane kwenye fremu mpaka diski ilale wapi usiku.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Mmarekani Arun Chaudhary. Alikuwa akifundisha filamu katika Chuo Kikuu cha New York, akaacha darasa na kujiunga na kampeni ya Barack Obama iliyoshinda mwaka 2008. Mwaka 2009 akawa mpiga video rasmi wa kwanza wa Ikulu ya Marekani, kazi aliyoifanya hadi 2011. Alianzisha video fupi ya kila wiki iitwayo West Wing Week, na baadaye akaandika kitabu, First Cameraman, kilichotoka 2012. Alipokuwa kwenye kampeni, alichopiga kilikuwa cha kampeni. Alipoingia Ikulu aliikuta sheria ya mwaka 1978 inayosema kumbukumbu za urais ni mali ya umma na lazima zihifadhiwe. Mpiga picha ni yuleyule na kiongozi ni yuleyule, lakini bosi wake sasa alikuwa mwingine.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Wengi wetu Afrika Mashariki tumejifunzia kamera kwenye harusi, na hakuna haja ya kulificha hilo. Harusi inakufundisha tukio lisilorudiwa, ukumbi wenye mwanga mbovu, na ukoo mzima unaotaka wazee wote waonekane. Hiyo ni mitihani ileile utakayokutana nayo kwenye siasa. Kosa ni kukimbilia mgombea urais. Kule kazi imekwisha kugawiwa kwa makampuni makubwa, na mgeni atabebeshwa tripodi msimu mzima. Nenda kwa diwani, kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge anayegombea mara ya kwanza. Huko utashika kamera mwenyewe, utakaa gari moja na mgombea, na utaona jinsi uamuzi unavyofanywa saa nne usiku sebuleni kwa mtu, chai ikipoa mezani.

Nenda mapema. Tanzania, mgombea anakuhitaji kabla ya kura za maoni za chama chake. Kenya, kabla ya mchujo. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na anayeanza kugonga milango Juni ya mwaka huo atakuta timu zimeshajaa. Wala usimpelekee mgombea video za muziki zenye moshi na taa za rangi. Ingia kwenye kata yake, tafuta soko lisilo na paa au kivuko kilichovunjika, upige dakika mbili ambamo wakazi wenyewe wanazungumza, tena kwa lugha yao ya kila siku. Mwanasiasa akiwasikia wapiga kura wake wakisema vizuri kwenye filamu, anaelewa mara moja unauza nini. Huhitaji kumweleza lenzi yako ni ya aina gani.

Sasa fedha, ambako machozi ni mengi. Kanuni yangu kwa kila anayeniuliza ni moja: malipo yote yawe yameingia kabla ya siku ya kupiga kura. Baada ya siku hiyo ofisi ya kampeni haipo. Viti vimerudishwa vilikokodiwa, meneja amezima simu. Aliyeshindwa ana madeni na uchungu, aliyeshinda ana foleni ya watu wenye madai makubwa kuliko yako. Gawa malipo mara tatu: theluthi siku ya kutia saini, theluthi katikati ya msimu, iliyobaki wiki moja kabla ya kura. Chakula, malazi na usafiri viandikwe mbali na ujira, maana kuna mameneja wanaokupa posho ya siku kumi halafu wanaihesabu kama mshahara. Uliza pia bei mliyokubaliana ni kabla au baada ya kodi. Tanzania na Kenya, mkazi anayelipwa kwa huduma ya kitaalamu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na kijana asiyejua hudhani amedhulumiwa.

Andika mkataba hata kama mgombea ni mjomba wako. Tena hasa kama ni mjomba wako. Ndani yake utaje nani hasa analipa: mgombea, chama, au huyo anayeitwa rafiki wa mgombea. Tanzania ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayomtaka mgombea aeleze alichotumia. Risiti yako ni sehemu ya hesabu hizo, kwa hiyo akija mtu kukuomba uandike kiasi pungufu, kataa kwa heshima. Jina lililo chini ya karatasi ni lako, na atakayeitwa kuulizwa ni wewe.

Kifungu kinachosahaulika kuliko vyote ni cha umiliki. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Basi kubalianeni vinginevyo. Video zilizokamilika ziwe za mgombea. Picha ghafi zibaki kwako, au angalau ubaki na nakala, na uruhusiwe kuzitumia katika filamu yako baada ya miaka mtakayoitaja. Wewe kwa upande wako uahidi kutowauzia wapinzani chochote wakati wa kampeni, na kwamba mazungumzo ya ndani ya gari yatabaki ndani ya gari. Mwanasiasa anayejua ulinzi huo upo kwa maandishi atakuruhusu ukae karibu naye zaidi, na ukaribu huo ndio unaotofautisha kazi yako na ya simu elfu moja zilizoinuliwa uwanjani.

Kwenye ufundi nitakaa zaidi na sauti, kwa sababu ndiko kampeni nyingi hupotea. Picha iliyotikisika mtazamaji anaivumilia. Hotuba yenye mwangwi anaiacha sekunde ya tano. Kipaza kilichomo kwenye kamera, ukiwa mita ishirini kutoka jukwaani, kinanasa spika zote mbili zikipishana, jenereta, na mama aliye karibu yako anayemwita mtoto. Fika uwanjani saa mbili kabla ya mkutano. Mtu wa kwanza kumsalimia ni fundi mitambo, kabla hata ya meneja kampeni. Mnunulie soda, mwombe njia moja ya kutoa sauti kwenye mikisa, uchomeke kinasa sauti kidogo kinachotumia betri zake chenyewe. Ukikichomeka kwenye umeme wa jenereta lile, utapata mvumo ambao hakuna programu itakayousafisha vizuri. Shusha kiwango chini kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu mshereheshaji atapiga kelele kumkaribisha mgombea na singeli itafunguliwa ghafla. Halafu weka kipaza cha pili, chako mwenyewe, kimefungwa kwa utepe mweusi kwenye mimbari. Fundi mitambo akibadilisha waya katikati ya hotuba, na atabadilisha, wewe bado una sauti.

Mwanga una ratiba yake kisheria. Tanzania mikutano ya kampeni huruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kenya kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Maana yake huna usiku, na una adhuhuri ndefu ambayo kofia ya chama humtia mgombea giza usoni mpaka kwenye kidevu. Saa sita mchana achana na jukwaa. Piga watu walio chini ya mwembe, ndani ya gari, kwenye baraza la nyumba wanamofikia wageni. Picha za mgombea mwenyewe zingoje saa kumi na nusu na kuendelea, jua linapolainika, na umwombe meneja hotuba kubwa ya siku iangukie hapo. Wataalamu wachache wa siasa wanaojua jambo hilo hulipanga wenyewe.

Ukishapata uso wa mgombea, geuka. Mwaka 1960 Robert Drew na wenzake walitengeneza Primary, filamu kuhusu John F. Kennedy na Hubert Humphrey wakigombania kura za mchujo wa chama chao huko Wisconsin. Kamera zao zilikuwa nyepesi kuliko zilizozoeleka wakati ule, na Albert Maysles aliinua yake juu ya kichwa akamfuata Kennedy kwa nyuma, akipenya umati mpaka jukwaani. Unaona kisogo chake, mikono inayonyooshwa, mlango, ngazi. Katika filamu hiyohiyo mkewe Jacqueline yuko mbele ya watu, na kamera inakwenda kwenye vidole vyake, ndani ya glavu nyeupe, vikihangaika nyuma ya mgongo wake. Hakuna hotuba inayoweza kukueleza hofu ya siku ile kama vidole vile.

Nasi tuna vidole vyetu vya kutafuta. Kwenye mkutano wa barabarani, mtazame mwendesha bodaboda anayepita. Wengi husimama injini ikinguruma, tayari kuondoka. Yule anayezima injini ameamua kusikiliza. Ukimpata mkono unakwenda kwenye ufunguo, kimya, halafu uso unainuka, umepata kitu kuhusu mgombea wako ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisema.

Droni ni nzuri na kibali chake ni lazima. Omba mapema kwa mamlaka ya usafiri wa anga, usiirushe juu ya msafara wa kiongozi, basi.

Lakini droni inanifikisha kwenye jambo linaloniuma: uongo wa umati. Utaombwa uchukue picha ya juu ya mkutano wa mwaka jana uibandike kwenye wa leo. Utaombwa upige watu mia tatu kwa lenzi ndefu waonekane elfu tatu. Siku hizi utaombwa utumie akili bandia kutengeneza sauti ya mpinzani akisema ambacho hakukisema. Kataa yote matatu, na ukatae kabla msimu haujaanza, wakati bado mnacheka pamoja. Ukingoja usiku wa wiki ya mwisho, macho mekundu na meneja akipiga kelele, hutaweza. Uyaandike kwenye mkataba. Sababu ya kimaadili unaijua. Sababu ya kazi ni kwamba kila uwanja sasa una simu, na picha ya kweli ya mkutano ule itatoka usiku huohuo. Mgombea atasamehewa, atasema ni vijana wake wa mitandao. Kijana huyo ni wewe.

Vivyo hivyo na bahasha. Utakuwepo zinapogawiwa, kwa sababu upo kila mahali. Tanzania, Mahakama Kuu ilifuta vifungu vya takrima mwaka 2006, na Kenya ina Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Hakuna anayeweza kusema ni ukarimu wa kawaida tu. Usikubali kutumwa kuzibeba, hata mara moja, hata kama gari lako ndilo linaloelekea huko. Na usifute picha iliyokwisha kupigwa kwa kuwa mtu amekuamuru. Mtafute wakili kwanza.

Usalama ni suala la kupanga, si la ushujaa. Moses Bwayo wa Uganda alimfuata Bobi Wine kwa miaka kadhaa hadi baada ya uchaguzi wa Januari 2021, kwa ajili ya filamu Bobi Wine: The People's President, iliyokuja kuteuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2024. Katika kazi hiyo alikamatwa, akapigwa risasi ya mpira usoni, na baadaye akahamia Marekani. Si kila kampeni iko hivyo, ila hakuna anayejua asubuhi kama leo itakuwa hivyo. Mtu mmoja nje ya msafara ajue mko wapi na mtafika saa ngapi. Kadi zinakiliwe mara mbili kabla ya kulala, na nakala moja isisafiri na gari lako. Usitegemee intaneti kuhifadhi kazi: Uganda ilizimwa Januari 2021, Tanzania ikazimwa Oktoba 2025, na kila aliyekuwa na picha zake mtandaoni tu alibaki mikono mitupu siku ambazo zilihitajika zaidi.

Nyongeza moja. Kisibao chenye neno PRESS si chako. Wewe ni mfanyakazi wa kampeni, na ukikivaa ili polisi wakupishe, unamweka hatarini mwandishi wa habari atakayekuja nyuma yako, kwa sababu askari atakuwa amejifunza kwamba kisibao kile si lolote. Vaa kitambulisho cha kampeni na ujitambulishe hivyo.

Haya, mgombea ameshinda na amekuita. Kabla ya kusema ndiyo, uliza unaitwa kwa cheo gani. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuajiriwa: afisa habari, mpiga picha wa wizara, mtu wa kitengo cha mawasiliano cha kaunti. Mshahara ni wa uhakika, na heshima ipo. Ya pili ni kubaki na kampuni yako na kuomba zabuni. Kwa njia hiyo uwe na usajili, namba ya mlipa kodi, leseni, na uwemo kwenye mfumo wa ununuzi wa serikali, ambao Tanzania ni NeST. Kenya imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kijana aliyesajiliwa hahitaji kumjua mtu ili afungue mlango. Anachohitaji ni pumzi. Serikali hulipa, lakini huchelewa, na kaunti zimejaa watoa huduma waliokopa benki wakingoja hundi. Usichukue kazi ya serikali ambayo huwezi kuishi miezi sita bila malipo yake.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo unayopewa mara nyingi, ni kumfuata kiongozi bila cheo, ukilipwa mfukoni mwake. Ikatae. Siku ya mabadiliko ya baraza la mawaziri utajikuta nje ya geti na kamera yako, na hakuna barua yoyote inayoonyesha ulikuwa ndani.

Kisha jiandae kwa itifaki. Kila mtu aliyewahi kuhudhuria uzinduzi wa zahanati anajua sentensi ile, itifaki imezingatiwa, na anajua kwamba baada yake majina yatatajwa tu. Kwenye video ni vivyo hivyo. Utakata kipande safi cha sekunde tisini kuhusu mama anayejifungua karibu na nyumbani kwa mara ya kwanza, halafu utaambiwa mkuu wa wilaya haonekani, katibu tawala ameonekana kisogo, mwenyekiti wa halmashauri ametangulia kabla ya mbunge. Vijana wa kampeni hulipuka hapa. Usilipuke. Anayelalamika hajakosea kabisa, kwa sababu serikali inahitaji kumbukumbu kamili ya nani alikuwepo, nani alikata utepe, nani aliahidi nini. Tengeneza video mbili kila mara. Moja ni ya kumbukumbu: ndefu, viongozi wote kwa mpangilio wao, hotuba nzima. Nyingine ni ya wananchi: fupi, ya yule mama, kiongozi anaonekana pale anapohitajika. Waonyeshe ya kwanza ndipo uwaonyeshe ya pili. Mtu aliyekwisha kujiona hupunguza masharti.

Huyo mama naye ana haki zake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata pasingekuwa na sheria, tafakari hali yenyewe. Mgonjwa kitandani, waziri na watu ishirini wamemzunguka, daktari mkuu anatabasamu, wewe unamuuliza kama anakubali kupigwa picha. Hawezi kusema hapana. Nenda siku moja kabla, peke yako na muuguzi, kamera ikiwa begani na imezimwa. Mweleze picha itaonekana wapi. Akikataa, hakuna atakayejua kwamba alikataa. Ukifanya hivyo utagundua pia ni nani ana hadithi ya kusimulia, na kesho yake utajua pa kusimama.

Usidhani kwamba serikali haiwezi kutoa filamu yenye nguvu. Pare Lorentz alikuwa mhakiki wa filamu ambaye hakuwahi kuongoza hata moja, serikali ya Roosevelt ilipompa kazi ya kueleza jinsi udongo wa nyanda kame za Marekani ulivyoharibiwa. The Plow That Broke the Plains ilitoka 1936. Bajeti ya awali ilikuwa dola 6,000, gharama zikakaribia 20,000, na nyingine alizitoa mfukoni. The River, kuhusu mto Mississippi na mafuriko yake, ikafuata, na bado inafundishwa vyuoni. Serikali ikaanzisha idara ya filamu mwaka 1938. Bunge likaikatia fedha 1940. Ninayakazia macho hayo mawili kwa pamoja: kazi njema inawezekana, na inaweza kufungwa kwa kura ya bajeti bila ubora wake kuulizwa. Kwetu, filamu ya The Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamwongoza mtangazaji Peter Greenberg kuizunguka Tanzania, ilizinduliwa New York Aprili 18 kisha Arusha Aprili 28. Iwe ulifurahishwa nayo au la, jifunze kwamba mahali pa kuionyesha palipangwa. Filamu nyingi za wizara zetu hutengenezwa bila mtu kuuliza zitatazamwa na nani, wapi, na baada ya uzinduzi huishia kwenye kabati.

Kabati hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, wakoloni walitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika. Chache sana zimesalia. Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, Bara ikangoja mpaka 1994, na katika miaka hiyo picha za nchi zilikuwa mikononi mwa watu wachache wenye kamera za serikali na za Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968. Kama mmoja wao hakuandika jina kwenye kopo, mtu aliyemo kwenye picha amepotea, ingawa uso wake tunauona. Wewe leo unapiga kwa siku moja picha nyingi kuliko walizopiga wao kwa mwezi. Kila jioni andika: mwaka, mwezi, siku, mahali, tukio, na majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, si ya viongozi peke yao. Faili linaloitwa FINAL_MPYA_2 halitamsaidia mwanahistoria wala mwendesha mashtaka wala mjukuu wa yule mama wa zahanati.

Na ufikirie kutoka tangu siku unayoingia. Mtengeneza filamu Mmarekani Charles Guggenheim alifanya kazi kwenye kampeni ya urais ya Adlai Stevenson mwaka 1956 na nyingine nyingi baada yake. Robert Kennedy alipouawa Juni 1968, yeye ndiye aliyetengeneza filamu ya kumkumbuka, kwa haraka, ikaonyeshwa kwenye mkutano mkuu wa chama Agosti mwaka huohuo, ikapata Oscar. Lakini pembeni ya siasa hakuwahi kuacha filamu zake za hali halisi. Oscar yake ya kwanza aliipata kwa Nine from Little Rock, filamu ya serikali kuhusu wanafunzi weusi tisa wa Arkansas, na akaja kupata nyingine mbili miaka ya baadaye. Matangazo ya kampeni yalipozidi kuwa ya kuchafuana, aliyaacha, na alikuwa na pa kwenda. Hapa karibu, Sam Soko wa Kenya alimpiga Boniface Mwangi kwa miaka, ikiwemo kampeni yake ya ubunge wa Starehe ya 2017. Mgombea hakushinda, ila filamu, Softie, ilifika tamasha la Sundance mwaka 2020 na kupata tuzo ya uhariri. Soko hakuwa mfanyakazi wa kampeni, na ninamtaja kwa sababu hiyo: kiti cha mtu anayetazama kwa uhuru kipo, na aliyepita ndani ya kampeni na serikali anaweza siku moja kukikalia akijua mambo ambayo wengine wanayakisia. Sharti ni kwamba asiwe amechoma jina lake njiani.

Kwa hiyo wiki ya mwisho ofisini, iwe kiongozi amestaafu, ameshindwa au amehamishwa, usikimbilie sherehe za kuagana. Tengeneza orodha ya diski zote, kila moja na namba yake na yaliyomo. Mkabidhi afisa kumbukumbu wa ofisi mbele ya shahidi, mtie saini nyote, ubaki na nakala ya orodha. Picha za umma ziache hapo, hata zile unazozipenda kupita kiasi. Chukua tu zile ambazo mkataba wako unakuruhusu, na uombe barua inayotaja cheo chako, tarehe ulizofanya kazi, na majina ya filamu ulizoongoza. Iombe kabla bosi mpya hajaingia, kwa sababu yeye hakujui, na mhuri utakuwa mikononi mwake.